Mshumaa Wako Umepinda, Baba

Baba yangu, uliyelala kijijini Ludara, Koboko, kando ya Mama,

Nakuandikia nikiwa mjini Arua, nimekaa sakafuni katika chumba ambacho bado si changu. Ni saa nane na robo mchana. Mlango nimeufunga, dirisha nimelifunga, na mshumaa nimeusimamisha, bila kuuwasha, kwenye ukingo wa dirisha kama ulivyonifundisha. Jasho linadondoka kwenye karatasi, kwa hiyo ukiona mwandiko umechafuka usiseme nimesahau shule uliyonilipia. Mjukuu wako Hawa amelala kwenye mkeka hapa kando, chupa ya maji mkononi. Mimi naangalia mshumaa, halafu naangalia chupa.

Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, Baba Mdogo amewaita watu wote nyumbani ili likatwe shauri kama mimi na Hawa tuhamie huku au tubaki Ludara. Jumapili mwenye nyumba anataka jibu, na akikosa jibu chumba kinakwenda kwa mwingine. Hicho ndicho kilichonileta hapa na mshumaa wako. Watu wa mtaa huu lazima wanasema mwanamke wa Koboko amefungia mtoto ndani kiangazi hiki, ana kichaa.

Lakini wewe ulikuwa hivyohivyo, tuseme ukweli. Wanajeshi wenzako wakihamishwa kambi, walikwenda kuuliza bei ya nyama. Wewe ulikwenda na mshumaa kwenye mfuko wa shati. Nakumbuka Moroto, nina miaka saba, umenishika mkono tunazunguka nyumba za kupanga. Mwenye nyumba anatufungulia asubuhi, chumba kina ubaridi, ametandika hadi kitambaa dirishani. Ukamwambia, "Asante, mzee. Sisi tunarudi saa nane." Na tukarudi kweli. Ukafunga kila kitu, ukakalia kigoda, mimi ukanikalisha gotini, tukauangalia mshumaa saa nzima bila kuongea. Ulipoanza kuinama ukasimama, ukavaa kofia, ukamwambia yule mzee, "Hii nyumba iko nzuri. Lakini iko tanuri, na sisi hapana kuwa mkate."

Mama alikuwa anakucheka mpaka machozi. "Afande, unapanga nyumba au unaiposa?" Ukamjibu kwamba kila nyumba iko nzuri saa mbili asubuhi. Baada ya mshumaa ulikwenda kuangalia maji yanatoka wapi, si wakati wa mvua, wakati wa jua. Halafu ulimtafuta mwanamke anayehama. Mwenye nyumba ulimwacha, ukasema yeye hana la kusema ila sifa. Ulimwinamia yule mama kwa heshima na kumuuliza, "Mama, wewe natoka sababu gani?" Sijawahi kuona mwanamke aliyekataa kukujibu.

Basi sikia mtoto wako alivyofanya. Chumba hiki nilikiona mara ya kwanza Septemba, asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha. Kilikuwa na ubaridi mzuri. Bomba la uani lilikuwa linatiririka mpaka nikaosha miguu. Nikamwambia mwenye nyumba nakitaka, aniwekee mpaka aliyemo atoke. Nilikuwa nimefurahi kweli, nikarudi Ludara naimba. Septemba, Baba, asubuhi. Kama kuna mtu duniani ambaye hakupaswa kufanya kosa hilo ni mimi.

Sasa ni kiangazi. Upepo unaleta vumbi na majivu ya nyasi zinazochomwa, mabati juu yanalia yakitanuka, na hakuna dari. Bomba la uani limekauka tangu mwezi uliopita. Maji yanakuja kwa baiskeli, jerikeni sita sita, na bei inapanda jua linavyopanda. Leo asubuhi nimemtafuta mama anayehama, kama ulivyonizoesha. Anaitwa Mama Neema, mtu wa Omugo, ndiye aliyenipa ruhusa ya kufunga chumba chake na kukifanyia kituko hiki. Nikamuuliza swali lako. Akaacha kufunga sufuria zake, akanitazama, akamtazama Hawa.

"Dada, mimi hapana danganya wewe," akasema. "Natoka sababu ya maji. Makaa nunua, unga nunua, sawa. Lakini maji nunua kila siku, hiyo nakula mutu polepole."

Hapo niliitazama chupa ya Hawa. Kwa sababu unajua, Baba, ugonjwa wa Hawa, hii selimundu, dawa yake ya kwanza ni maji. Anatakiwa anywe, anywe tena, akojoe, anywe. Jua likimkausha, damu inamkwama na mifupa inamuuma mpaka anauma mkeka. Kule Ludara anakunywa ya bure, bomba la mkono liko hatua chache. Ugali tunao shambani, muhogo na mtama. Kuni tunaokota. Nyumba yako ya udongo na nyasi haiombi kodi. Huku nitakuwa na cherehani yangu kwenye baraza, na sare za shule zikija tutakula vizuri, zisipokuja tutangoja kitu kutoka kwa baba yake Hawa, ambaye yuko Juba akiendesha lori la watu wengine na hutuma anapopata. Kodi siiogopi sana. Naogopa siku moja nitamtazama mwanangu ananyanyua kikombe, na mimi moyoni nihesabu bei. Sijamwambia mtu yeyote hilo, nakuambia wewe.

Baba Mdogo anayajua haya yote, na si mtu mbaya. Kiangazi kilichopita tulilala Arua siku tatu chini ya mabati kwa shangazi, na Hawa aliumwa siku zote tatu. Baba Mdogo ndiye aliyekuja kutuchukua. Tangu hapo ameshikilia neno moja. "Marehemu alipima hapa na mshumaa wake. Dunia nzima alizunguka, akachagua hapa. Wewe nani?" Na wote wanaitikia kwa vichwa, kwa sababu wanakumbuka. Ulipostaafu ulizunguka shamba lote siku nne ukitafuta pa kujenga. Ukajenga ukuta mnene, ukaezeka nyasi nene, na siku ulipomaliza ukawaita majirani saa nane mchana waje kuona. Mshumaa ulikaa wima kama ulivyotoka dukani. Watu wa Ludara mpaka leo wanaisimulia siku hiyo.

Na mimi nimekaa kimya. Miaka miwili nimekaa kimya, kwa sababu ningefungua mdomo ningelazimika kusema juu ya siku ile ya mvua.

Wewe unaijua. Hawa alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumekunywa chai, akasema kichwa kinamuuma, halafu kikombe kikamtoka mkononi. Ukasema twende Arua sasa hivi. Bodaboda ikatubeba wote watatu, na tulipofika kwenye kijito kabla ya mji wa Koboko, maji yalikuwa yamepanda juu ya barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, yanavuta miti. Huku kulikuwa na sisi, ng'ambo kulikuwa na lori la mihogo, na hakuna aliyethubutu. Ulivua koti lako la jeshi ukamfunika. Alilia mpaka karibu na adhuhuri. Halafu akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikonitia hofu. Nilikuona unaangalia yale maji kama unataka kuyapiga.

Alasiri ndipo tulipovuka. Hospitalini walimpokea vizuri, wakamwongezea damu, na daktari akatuambia kwa upole kwamba ugonjwa huu ukipanda kichwani, kila saa inayopotea ina madhara yake. Hawa alipona. Nguvu za mkono wa kushoto hazikurudi zote. Mpaka leo akinywa maji anashika chupa kwa wa kulia, na wa kushoto anauweka chini yake kama kisahani.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, koti lako linadondoka maji. Hukunitazama. Ulisema, "Zubeda, mimi nilipima joto. Sikupima njia."

Nikasema, "Baba, usiseme hivyo."

Ukasema, "Mimi nasema. Nyumba yangu ile iko mbaya kwa huyu mutoto."

Basi. Hukurudia tena. Miezi mitano baadaye tulikuzika, na watu walisimama mmoja mmoja kusifu boma uliloacha na jinsi ulivyolichagua. Ningesimama niseme nini? Kwamba Afande mwenye mshumaa alikosea, na mwenyewe alikiri? Nilikuonea huruma. Nilitaka ubaki vile wanavyokukumbuka. Kumbe kila nilivyonyamaza, maneno yako ya zamani yalikuwa yanazidi kunifunga, na Baba Mdogo anayatumia kwa nia njema kabisa, kwa kuwa mengine hayajui.

Ngoja. Saa tisa imefika, niangalie.

Umepinda, Baba. Haujainama kidogo tu, umelala, ncha inagusa ukingo wa dirisha. Kwa kipimo chako chumba hiki kimeanguka. Kingekuwa Moroto, ungekuwa umeshavaa kofia. Hawa ameamka, ameuona, ameuliza, "Mama, huyu mushumaa naumwa?" Nikamwambia amechoka na joto. Akamwelekezea chupa yake. Nimelia kidogo, nikafuta.

Sasa nafanya jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya. Naacha kalamu, nitakuambia nikirudi.

Nimerudi. Nimefungua mlango, nikauwasha ule mshumaa uliopinda ndani ya kopo, nikamkabidhi Mama Neema auchunge usizimike. Nikamfunga Hawa mgongoni kwa kitenge. Ana miaka sita, miguu inaning'inia, watu walicheka njiani, nami nikawaacha wacheke. Nilitembea mwendo wa mwanamke aliyebeba mgonjwa, jua la saa tisa kichwani, nikapita wauza mkaa, nikapita mafundi wa baiskeli, mpaka geti la hospitali kubwa. Nikaligusa kwa mkono. Nikageuka, nikarudi. Hakuna kijito, Baba. Kuna mtaro mmoja tu, na hata ukijaa naweza kuuruka naye mgongoni.

Mama Neema alinionyesha kopo. Kwenda na kurudi, mshumaa ulikuwa umepungua upana wa vidole viwili. Kwenda peke yake ni kidole kimoja. Nikafikiri ile siku ya kijito, kutoka chai ya asubuhi mpaka alasiri, mishumaa ingeisha mingapi. Sikuweza kumaliza kufikiri, nikakaa chini barazani.

"Sasa wewe nasemaje?" Mama Neema akaniuliza. "Mushumaa nakataa, wewe nataka?"

Nikamwambia nataka. Akacheka, akasema basi nisikae kama yeye alivyokaa. Ninunue mikeka ya mafunjo nifunge chini ya mabati kabla ya kulala hata usiku mmoja, mwenye nyumba atanung'unika halafu atazoea. Na nitafute pipa la kukingia maji Machi mvua ikianza, na mpaka wakati huo nichote asubuhi kwenye kisima cha bondeni, foleni ni ndefu lakini maji yake ni safi ukichemsha. Yeye hakuwa na mgongo wa kwenda huko kila alfajiri. Mimi ninao. Nilibebwa na kulelewa na mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jua kung'arisha viatu, na sijasahau.

Sitakudanganya kwamba sina hofu. Hofu ninayo. Machi iko mbali, joto hili halijafika hata nusu yake, na nikimleta Hawa huku akaumwa chini ya mabati yangu, nitakuwa nimemtoa mahali pa baridi kwa mikono yangu miwili na kila mtu Ludara atanikumbusha. Pia nawaacha wewe na Mama. Nani atafagia pale? Baba Mdogo amesema atafagia, lakini unajua kufagia kwa mwanaume.

Ila kule nikibaki, mimi nitakuwa nangoja mvua kila mwaka kwa kusikiliza mtoto akisema kichwa kinamuuma. Siwezi tena, Baba.

Kwa hiyo barua hii, ingawa nimekuandikia wewe, sitaichimbia kaburini. Jumamosi nitaisoma kwa sauti mbele ya Baba Mdogo na wote watakaokuwepo, kuanzia kofia ya Moroto mpaka benchi la hospitali, na nitaweka kopo la mshumaa katikati ya mkeka. Wataona umepinda. Baba Mdogo atasema, si unaona, na nitamjibu kwamba naona. Halafu nitamsomea maneno yako. Nisamehe kwa kuyatoa. Ulikuwa na haki ya kukosea mara moja, na mimi nilikuwa sina haki ya kuficha kwamba ulijirekebisha. Wakikusikia ukisema mwenyewe, nadhani watakupenda zaidi, si kidogo. Wasiponiamini, Hawa atakuwepo pale, na nitamwomba anywe maji mbele yao, mkono wa kulia ukishika chupa, wa kushoto ukiwa chini yake.

Jumapili asubuhi, kabla ya kupanda gari, nitakuja nikuage. Nitakuja na fagio.

Lala salama pale penye ubaridi, palikufaa wewe.

Mimi binti yako, niliyekaa gotini kwako saa nzima bila kuongea.