Manjano ya Komamanga

Tarento, mwezi wa Machi, siku ya tatu

Mwanangu Numerio,

Ukiwa mzima ni vyema, nami ni mzima. Mguu unauma, lakini mguu ni mguu tu. Mwandiko wangu ni kama kuku kaparua, nivumilie. Marehemu baba yako alinifundisha herufi za kuandika majina ya wateja kwenye mapipa ya rangi, basi.

Nakuletea kitambaa cha shingoni. Nimekipika siku mbili kwa maua na maganda ya komamanga, kikatoka ile manjano yangu inayokaribia ukijani. Hakuna mwingine anayeipata hapa Tarento. Sabidia jirani alijaribu hadi akaunguza sufuria. Kivae juu ya deraya, ninyi wa Sisilia mna upepo mkali. Usikivue, mwanangu.

Watu wanasema jemadari wako ni mwasi. Mimi siasa siijui. Najua ulikimbilia kwake siku askari walipochoma mtaa wetu.

Mdogo wako Vibio ananisaidia kukoroga. Ana miaka kumi na tisa na bado anaiga unavyotembea.

Mama yako.


Mesana, Sisilia, mwezi wa Mei, siku ya kumi

Mama mpenzi,

Kama hujambo, mimi sijambo. Kitambaa kimefika. Wenzangu wananicheka, "Mtoto wa mama huyo!" Nawaambia, wivu tu.

Sipigi kasia tena. Nimepandishwa kuwa askari wa sitahani, chini ya akida Pakuvio na fimbo yake ya mzabibu. Nahodha wetu ni Mgiriki. Yeye anaongoza meli, akida anaongoza kuua, na kila asubuhi wanagombana nani mkubwa.

Juzi tuliitoboa meli ya adui ubavuni kwa pembe ya shaba ya mbele ya meli yetu. Wapiga kasia wa chini hawakuwahi hata kupiga kelele. Maji yaliingia, yakatoka mekundu. Wawili walishika makasia yetu wakiomba. Tukawakata vidole. Usiniulize nilikuwa wapi.

Nina rafiki, Hilaro, mtumwa aliyetoroka. Hamjui mama yake. Kila siku ananiuliza habari zako, utadhani u wake.

Mwambie Vibio abaki kwenye mapipa. Bahari si yake.

Mwanao.


Tarento, mwezi wa Julai, siku ya nane

Numerio wangu,

Ukiwa mzima ni vyema. Mimi, chakula hakishuki. Wamemchukua Vibio. Walimkagua meno na mabega kama wananunua nyumbu. Kwanza wakamfundisha kupiga kasia nchi kavu, juu ya mabenchi, makasia yakipiga hewa, watoto wakicheka. Kisha wakampa upanga. Yuko upande ule mwingine, mwanangu. Upande mnaopigana nao.

Nimeuliza kila baharia bandarini. Wanasema meli zenu ni zile zile, silaha zile zile, hata matusi yale yale. Sura zimefunikwa na kofia za chuma. Mnatambuana kwa rangi ya minara ya sitahani tu. Na mnara ukianguka?

Kwa hiyo nimemwambia Vibio: "Ukiona manjano ya mama yako shingoni mwa mtu, huyo ni kaka yako. Shusha upanga. Sema, ni mimi." Ameapa kwa kichwa changu. Nawe, kijana akishusha upanga mbele yako, usimpige. Nakuomba, usimpige.

Barua hii anaichukua muuza samaki wa chumvi. Njia zimefungwa, atazungukia mji wa Lokri.

Mama yenu.


Mesana, mwezi wa Septemba, siku ya saba

Mama,

Niko hai, nawe uwe mzima. Tangu ile ya kitambaa sijapata barua yako.

Tumeshindwa. Wana mtambo mpya unaorusha ndoana ya chuma, ndefu kuliko mtu. Ilitushika, wakatuvuta kama samaki. Kukata haikatiki, mpini wote umevikwa chuma. Tulipogongana mnara wetu ukaanguka na wapiga mishale wake. Mmoja alibanwa katikati ya meli mbili, akapasuka kama zeituni kwenye shinikizo. Pakuvio akapaza sauti, "Wanatuvuta? Basi twende kwao, mbwa nyie!" Kura ya kuruka wa kwanza ikamwangukia Hilaro.

Hapa kuna desturi: wa kwanza kuruka huvaa kitu kilichotoka mikononi mwa mama yake. Hilaro hana mama. Akanitazama shingoni. Nisamehe. Nilivua kitambaa nikamfunga mwenyewe, nikamwambia, "Leo mama yangu ni wako."

Mama, kilimwokoa! Aliporuka, mbele yake alikuwepo kijana, upanga uko juu tayari. Kijana akakiona kitambaa. Akashusha upanga, akafungua mikono, akasema, "Ni mimi!" Hilaro akamchoma chini ya kidevu. Anamsimulia kila mtu, "Mjinga kadhani mimi ni binamu yake!" Tulicheka, mama, tumelowa damu mpaka magotini, tunacheka.

Mwishowe tulikata mbao zetu wenyewe, ndoana ikaondoka nazo, tukakimbia. Nyuma yetu bahari ilikuwa moto na watu.

Kitambaa kimerudi kwangu. Kina doa, kwa chumvi halitoki. Wewe unatumia nini?

Hilaro sasa anakuita mama. Vibio mwambie akoroge na zamu yangu.

Mwanao.


Tarento, mwezi wa Oktoba, siku ya kwanza

Mwanangu Numerio,

Ukiwa mzima ni vyema.

Kuna barua nilikuandikia Julai. Ikifika, usiifungue. Ni ugomvi wangu na Sabidia, maneno ya wanawake, umekwisha. Itie motoni. Niapie kwa kichwa changu.

Vibio hajambo. Anakoroga. Anakusalimu.

Hilaro mwambie salamu zake nimezipata. Akitaka kuniita mama, aniite. Mtu hawezi kukaa bila mama.

Doa la damu ni maji baridi, mwanangu. Ya moto yanalifunga kabisa. Likikataa, liache. Usilisugue tena.

Mama.