Mimi Naletewa Soda kwenye Sinia, Tonya Anapewa Kisu

Shangazi Mwavita mpendwa, nisaidie kabla sijanyanyua simu nikafanya jambo la kunitia aibu, maana nina wivu, nasema wazi, wivu wa kunikosesha usingizi, na kwa umri huu wa kuitwa bibi sijui hata nimweleze nani.

Ninaishi Erie, Pennsylvania, nimestaafu kazi ya kupika shuleni, na majira ya baridi ya mwaka juzi shirika linalopokea wakimbizi lilinikabidhi familia ya Mzee Wilondja na mkewe Mama Asukulu, Wabembe wa Kongo waliokaa kambini Tanzania mpaka watoto wao wote wakazaliwa huko, na ni mimi niliyewapokea uwanja wa ndege na makoti mikononi, mimi niliyewaonyesha kuwasha jiko na siku ya kutoa taka, mimi niliyemshika Mama Asukulu mkono kwa daktari wa meno, na nikawapenda, Shangazi, si kwa sababu ya kazi, nikawapenda kama watu wangu. Kila nikitaka kwenda napiga simu kwanza, sijawahi kwenda mikono mitupu, na naondoka kabla ya saa ya chakula nisije nikawalia watoto sehemu yao. Nikifika nakuta sebule imefagiliwa, televisheni imezimwa, watoto wananisalimia wamejipanga kisha wanafukuzwa chumbani, mimi nakalishwa kwenye kiti cha mikono, ambacho wanacho kimoja tu, naletewa soda kwenye sinia imefunikwa kitambaa, na Mama Asukulu anakaa pembeni na kuniuliza kwa upole, "Madamu Darlene, nyumbani ni wazima?" Nami nikajiona nimependwa.

Kisha akahamia Tonya ghorofa ya chini, mama wa mapacha, hana gari, hana koti la maana, anaingia bila kubisha hodi, ndala juu ya soksi, kuomba sukari, na hajawaletea hata kijiko. Siku moja nimekaa kwenye kiti changu na soda yangu, akanipita moja kwa moja mpaka jikoni, nikamsikia Mama Asukulu akimfokea, "Wee Tonya, unatoka wapi saa hizi? Kamata kisu. Na leo uzikate nyembamba hizo lengalenga, jana umetulisha majani ya mbuzi." Tonya akajibu, "Mbona mume wako aliongeza sahani?" Wakacheka mpaka nikasikia kifuniko cha sufuria kinaanguka, na mimi niko sebuleni peke yangu na mrija mdomoni. Shangazi, mimi hajawahi kunifokea hata siku moja.

Nikavumilia. Januari niliteleza kwenye barafu nikaumia goti, nikawaambia nimesafiri kwa dada yangu ili nisiwatie wasiwasi, nikajiuguza mwenyewe, mwezi wa pili nikawapigia kwamba nimerudi, na mwezi wa tatu nikaenda kama kawaida nikamkuta Mama Asukulu ameshajifungua mtoto wa kike, na aliyemkimbiza hospitali ni Tonya, kwa gari la kuazima, na aliyeshikwa mkono wakati wa uchungu ni Tonya, wakati gari langu limelala mlangoni na simu yangu iko wazi. Nikamuuliza kwa nini hamkunipigia. Akainamisha macho, akasema, "Madamu, hatukutaka kukusumbua."

Nilirudi nyumbani nikalia ndani ya gari. Sasa, huyo Tonya anavuta sigara kwenye ngazi, na mapacha wake anawaacha kwa Mama Asukulu mpaka giza linaingia akiwa kazini, na namba ya shirika ninayo, na ninajua nikisema tu kwamba watoto wa pale hawaangaliwi vizuri, watakuja watu kuuliza, na pengine Tonya atakoma kupanda zile ngazi. Si uongo wote. Nipige?

Darlene, Erie

*

Darlene, iache simu hapo mezani, tuzungumze.

Unajua kama ninavyojua mimi kinachofuata neno la namna hiyo katika nchi hii. Mtu mwenye faili anagonga mlango, anakagua vitanda, anawahoji watoto mmoja mmoja, na hataishia kwa Tonya. Atakayetetemeka ni Mama Asukulu, aliyekimbia kwao kwa sababu ya watu wanaogonga milango. Unasema unampenda, halafu umtie hofu hiyo kwa ajili ya kisu na mboga? Ona haya, dada yangu.

Nimeshakugombeza. Sasa pole, kwa sababu inauma kweli, nami mzaliwa wa Fizi, huko huko kwa Wabembe, nitakueleza kilichotokea. Kwetu anayepiga simu kabla ya kuja ni mgeni, na mgeni hapewi kisu. Ile soda si dharau. Huenda watoto walikunywa maji siku hiyo ili wewe uipate. Lakini umeleta mifuko kila mara na hujala kwao hata tonge moja. Ulitaka wakulipe nini, kama si sinia na kitambaa? Mama Asukulu amepanga foleni ya kupewa miaka yote ya kambini, akafika Marekani akakuta foleni nyingine, na mbele yake umesimama wewe. Tonya alikuja kuomba sukari. Huyo ndiye mtu wa kwanza huko aliyemfanya naye awe na cha kutoa.

Na hilo goti je? Ulianguka ukawadanganya, ili usiwasumbue. Yeye naye akashikwa na uchungu asikupigie, ili asikusumbue. Unamlaumu kwa kitu ulichomfanyia wewe kwanza.

Jumamosi nenda. Usipige simu, usibebe chochote, hata ndizi. Kile kiti kipite kana kwamba hukioni, ingia jikoni, ukae, umwambie, "Mama Asukulu, Januari nilianguka, nikakudanganya. Goti bado linaniuma, na theluji ya mlangoni kwangu siiwezi." Kisha nyamaza.

Atakasirika. Atakuuliza una akili gani, mtu mzima unaanguka husemi, atamwita mumewe aje asikie ujinga wako, atakufokea mbele ya watoto na mbele ya Tonya. Usijitetee wala usiombe soda. Na Tonya akikusogezea kisu, kipokee, uzikate nyembamba.

Shangazi Mwavita