Siku ya Kawaida ya Baba

Nakivale, Uganda

Mama yangu,

Yambo sana. Magoti yako yanasemaje na mvua hii? Mihogo ya kule ng'ambo ya mto umeivuna, au nguruwe wa jirani wamekutangulia tena? Mimi ni mzima. Nasema mzima wa mwili, kwa sababu najua swali lako la pili ni "na moyo je?", na huko nitafika.

Riziki, najua ni wewe unayemsomea bibi yako. Soma polepole, usiruke mahali panapokuchosha, na usiongeze chumvi. Barua iliyopita uliiongeza chumvi hadi bibi akanipigia simu kunipongeza kwa mchumba ambaye mimi mwenyewe sijamwona.

Mama, ningeweza kupiga simu. Lakini simu yenu inashika mtandao pale nyuma ya kanisa tu, na pale nyuma ya kanisa kila mtu ana masikio. Ninachotaka kukuomba leo si cha masikio ya wote. Ndiyo maana nimempa barua hii Mama Aline, yule muuza vitenge anayefika Uvira, naye ameahidi kuikabidhi kwa mtu wa Baraka anayemwamini.

Bado nafundisha historia. Usicheke. Najua ulitaka niwe mkunga. Hapa Nakivale, katika kambi hii ya wakimbizi, wako vijana wengi waliokuja wakiwa wakubwa, wamesoma kwa Kifaransa, na shuleni wakaketishwa na watoto wanaowafika kiunoni. Wazazi wao wakaona aibu, wakawarudisha nyumbani. Basi tumejipanga: vijana wanasomea barazani kwa Mama Sifa, chini ya turubai. Mwingine anawafundisha hesabu, mwingine Kiingereza, mimi historia. Mama Sifa ni mtu wa Fizi kama sisi, na binti yake Sifa ndiye mwanafunzi wangu mwenye maswali kuliko wote. Ana miaka kumi na mitano na anauliza kama hakimu.

Jumamosi napanda gari kwenda Mbarara. Kule mtaa wa Kakoba kuna sajini mmoja wa jeshi ambaye watoto wake wawili nao wanasomea nyumbani. Siku ya kwanza aliniambia sababu, kwa Kiswahili chao cha kambi za jeshi: "Madamu, mimi nahamishwa kila saa. Watoto yangu imesoma shule mingi, lakini hakuna hata moja imemaliza. Sasa wacha isome hapa hapa nyumbani. Wewe fundisha tu historia. Mtu bila historia, huyo anapotea hivi hivi." Ni mtu mwema. Mkewe hunipa chai ya maziwa na matoke, na mimi hula yote kwa adabu, ingawa moyoni nalilia bugali na sombe yako ya majani ya muhogo yenye mawese.

Lakini nikitoka kwao, mama, nazunguka Kakoba na Nyamityobora kungoja gari la kurudi, na watu ni wengi, boda boda zinapigana vikumbo, muziki kila duka, wala hakuna hata mmoja anayejua mimi ni mtoto wa nani. Wananiita madamu. Nakivale wananiita mwalimu. Ni majina ya heshima, siyakatai. Lakini hakuna hapa aliyeniona nikiwa mtoto, na mtu asiye na wa kumwambia "unakumbuka ulivyoanguka mtoni?" ni kama ameanza kuishi akiwa mkubwa. Upweke wangu ndio huo. Si njaa, si baridi.

Sasa sikiliza lililonipata.

Watoto wa sajini niliwapa kazi: mwulizeni mtu mzima kuliko wote kwenu akusimulieni habari ya ukoo wenu, kisha mwandike. Nao wakaenda kwa bibi yao kule Ngarama. Wakarudi na habari ya ng'ombe! Karatasi nzima ng'ombe! Bihogo, ng'ombe wa rangi ya kahawa aliyekuja na mahari ya bibi, jinsi alivyokataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote, jinsi babu alivyoona wivu. Nilicheka hadi sajini akaja kuchungulia. Na ndani ya ng'ombe yule mlikuwa na ndoa, malisho, ukame, mipaka, kila kitu ninachotaka kufundisha.

Nikafurahi kupita kiasi. Jumatatu nikawapa vijana wangu wa Nakivale kazi ile ile.

Wakaleta. Nikaanza kusoma. Karatasi zote zilikuwa moja. Watu wenye silaha walikuja. Nyumba ilichomwa. Tulikimbia na nguo za mwilini. Hatuwezi kurudi kwa sababu ya usalama. Sifa, yule mwenye maswali ya hakimu, alimalizia hivi: "Kwa hiyo tunaomba ulinzi." Mtoto wa miaka kumi na mitano, mama, kwenye kazi ya historia!

Niliyajua maneno yale. Hata mimi niliyasema nilipofika, mbele ya meza ya ofisi ya wakimbizi, na mtu anaandika bila kuninyanyulia macho. Si uongo. Ni kweli tupu. Lakini ni kweli iliyosemwa mara nyingi hadi ikalainika kama jiwe la kusugulia miguu. Wazazi walikuwa wamesikia "habari ya kwenu", wakawapa watoto ile wanayoulizwa siku zote.

Hapo ndipo nikakosea. Nilichukua kalamu nyekundu, kama tulivyofundishwa, nikaandika pembeni: Nani alikuwepo? Mlipitia njia gani? Ilikuwa mwezi gani? Una uhakika? Mwalimu yeyote wa historia angeuliza hivyo. Ila sikukumbuka kwamba maswali ya mwalimu wa historia na maswali ya ofisi ni mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo.

Siku iliyofuata baraza lilikuwa tupu. Nilifuta ubao uliokuwa safi. Nikapanga chaki. Nikasema labda ni mvua, na mvua haikuwepo. Siku ya pili vilevile. Mama, bila vijana wale sina mtu wa kuzungumza naye tangu asubuhi hadi jua lizame, na wao bila darasa lile hawana shule nyingine. Nililia, nisikufiche. Kisha nikanawa uso, nikazunguka nyuma ya nyumba kwa Mama Sifa.

Alikuwa amekaa chini na ungo wa maharage. Hakuniambia karibu.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina chuki na weye. Lakini ile mambo tulishaisemaka ku ofisi, mara mingi. Sasa mutoto akiandika ingine na dosie yetu ku ofisi inasema ingine, batasema tuko baongo. Fasi yetu ya kusafiri inchi ya mbali itapotea juu ya kazi ya masomo."

"Mama Sifa, karatasi zile haziendi popote."

"Bamoja banasema unazipelekaka Mbarara. Kwa basoda."

Basoda, yaani wanajeshi! Kwa sababu nakunywa chai kwa sajini! Unajua mwenyewe neno soda linavyomtia mtu wa kwetu baridi, hata mwanajeshi huyo awe wa nchi gani. Ningeapa, angeniona mwongo zaidi. Kwa hiyo nikakaa chini, nikavuta ungo kidogo upande wangu, nikaanza kuchambua maharage naye. Ulinifundisha hivyo: mtu akikukasirikia, shika kazi iliyo mkononi mwake.

Tukachambua. Mawe madogo huku, maharage huku. Mwishowe akaguna.

"Maharage ya huku mawe mingi. Kwetu dada yangu angemutupia muuzaji usoni."

"Alikuwa mkali?"

"Mukali? Siku moja ku soko alipigana na mwanamuke juu ya beseni ya ndagala, zile samaki kidogo kidogo. Ndagala zikamwangika fasi yote. Mimi nikaanza kuokota, naokota nacheka, naokota nacheka. Mume wangu alipita, wakati ile hatujaoana, akauliza: huyu anayecheka ni nani? Ndiyo akaanza kunifuata."

Nyuma yetu pakawa na sauti. Sifa alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi. "Mama! Haukunielezaka ile hata siku moja!"

"Ile haiulizwake ku ofisi," akasema Mama Sifa.

Akasikia alichosema mwenyewe. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nikamwambia taratibu: "Hiyo ndiyo ninayoitaka, Mama Sifa. Siku ya soko. Siku ambayo hamkukimbia. Ile nyingine waachieni ofisi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Sasa si ungesema!" akafoka, na kuanzia pale nikajua nimesamehewa, kwa sababu alinisukumia ungo wote.

Kesho yake aliwazungukia wazazi wenzake, na Mama Sifa akizunguka, hakuna anayebaki ndani. Vijana wakarudi. Kazi ikawa nyingine: nileteeni siku moja ya kawaida, kabla ya vita. Mama, ungezisoma! Mmoja aliandika kinyozi wa Uvira aliyekuwa akinyoa nusu kichwa, anakwenda kunywa kahawa, mteja anamngoja. Mwingine aliandika mbuzi wa babu aliyeingia kanisani wakati wa sadaka. Wazee waliokuwa hawasemi walisema hadi chakula kikaungua. Mtu mmoja, baba wa kijana mkimya kuliko wote, alikuja mwenyewe barazani kunisahihishia jina la mtumbwi wake. Nilifundisha kutokana na karatasi zile bei ya samaki, njia za biashara ya ziwa letu, misheni, kodi, yote. Yale ya kukimbia yatakuja kwa wakati wake. Sasa wana pa kuanzia, ili yakifika wajue kilichovunjwa kilikuwa nini.

Ndipo Sifa akanyanyua mkono. "Mwalimu, na ya kwako?"

"Yangu ipi?"

"Siku ya kawaida ya kwenu. Sisi wote tumeleta."

Nikafungua mdomo, mama, na sikuwa na kitu.

Ninazo siku zako. Nakukumbuka wewe na kinu, wewe na wimbo wako wa kanisani usiopanda vizuri. Lakini nilitaka kuwapa ya baba, na ya baba sina. Kila nilipokuuliza kuhusu baba tangu nikiwa mdogo, ulinijibu jinsi alivyokufa. Najua waliomchukua walikuja saa ngapi. Najua njia waliyompitisha. Najua shati alilovaa, kwa sababu ndilo lililoletwa. Hayo nayajua kwa moyo, naweza kuyasema mbele ya meza yoyote. Lakini jinsi alivyoishi hujawahi kuniambia, nami sikuthubutu kuuliza mara mbili, kwa sababu nikiuliza ulikuwa unainuka kwenda kuteka maji, hata kama mtungi umejaa.

Ninacho kitu kimoja tu. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, aliniita mama. "Mama, niletee kiti. Mama, umekula?" Mtu mzima akimwita mama mtoto asiyejua kufunga kamba ya kiatu. Nakumbuka neno, sauti imekwenda. Na tangu alipoondoka hakuna aliyeniita hivyo tena, wala sina mtoto wa kuniita.

Simlaumu mtu yeyote, sembuse wewe. Nilipoona mikono ya Mama Sifa ikisimama juu ya maharage ndipo nilipokuelewa. Kuhusu kifo cha baba, uliulizwa na wote: chifu, kanisa, wajomba, wageni wenye kalamu. Maisha yake hakuna aliyekuuliza.

Basi mimi nakuuliza. Nipe siku moja tu. Isiwe siku kubwa, isiwe Noeli wala harusi. Akiamka alianza na nini? Ziwani alikuwa mvuvi mzuri au wa kubahatisha? Alikuwa anakula kichwa cha samaki au anakuachia? Mligombana kwa ajili ya nini? Sijui hata kama alikuwa mtu wa kucheka.

Msalimie dada, mwambie kitambaa cha kichwa nimemtumia na Mama Aline, asimpe mtu. Msalimie mjomba mwenye mashine ya kusaga, na mke wake aliyenikopesha mwavuli nikaondoka nao hadi nchi nyingine, bado ninao. Msalimie mchungaji mzee. Mwambie bado naomba, ila siku hizi naomba kwa sauti ili nyumba isikie mtu.

Mungu akulinde hadi tuonane uso kwa uso. Ni mimi mwanao, Feza, yule ambaye baba alimwita mama.

Na wewe Riziki, hapa sasa usimsomee bibi, soma peke yako. Ukifika mwisho, usikunje barua ukakimbilia kwa wenzako. Kaa. Akiinuka kwenda kuteka maji, nenda naye, shika ndoo. Akianza kusema, andika kama anavyosema, usitengeneze, usiongeze chumvi. Na akinyamaza, usimwulize tarehe wala mahali. Mwulize tu kama alikuwa mtu wa kucheka.