Mapaa ya Makuti Niliyoyafuta

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua imegoma, joto la kunata mwilini. Nimerudi nyumbani Dunda nikiwa na vumbi la Kiwangwa mpaka kwenye nyusi. Nimechoka, jamani, na si uchovu wa miguu.

Kwa asiyejua kazi yangu: nachukua picha za satelaiti napima jinsi miji yetu midogo inavyotanuka. Kompyuta inatenganisha nyumba na mashamba. Inapobabaika, naamua mimi.

Chalinze haikunisumbua, mabati yanang'aa kila upande. Kiwangwa ndiyo iliyonishinda. Wiki iliyopita niliona vidoa vingi vya rangi ya majani makavu kando ya mashamba ya mananasi. Macho yalikuwa yananiuma, ripoti inasubiriwa. Nikasema haya majani tu, nikavifuta vyote.

Leo nimekwenda kuhakiki. Majani gani! Ni kitongoji kizima. Watu wamehamia, wamejenga kwa udongo na kuezeka makuti. Bati litafuata mananasi yakilipa. Na mimi mwenyewe nimekulia chini ya makuti. Aibu hii nampelekea nani?

Nilipokewa na mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyetoka bara na familia yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanimenyea nanasi. Akanieleza kwamba maji wanayafuata mwendo wa saa nzima, na wamesikia bomba jipya litapelekwa kwa kufuata ramani yetu. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa:

"Mwanangu, kwenye hiyo ramani sisi tupo?"

"Mpo, mama."

Nilimdanganya.

Njiani nikampigia bosi. Akasema ramani ameshaituma, kikao cha maji ni kesho asubuhi, vijumba vya makuti vitaingia awamu nyingine. Nikajibu sawa. Kwa kusema sawa mimi hodari, hasa mkataba unapokaribia kwisha.

Tangu nimefika nayachora upya, paa moja moja. Shingo inauma.

Kesho nitaingia kwenye kikao nisichoalikwa, niseme mbele ya bosi kwamba zile nyumba nilizifuta mimi. Naogopa, sifichi. Lakini nikikaa kimya, nitakuwa nimemfuta yule mama mara ya pili, na safari hii namjua kwa sura.