Msimamizi Alikuuliza Kama Umekasirika

Toronto, Jumapili, 8 Machi 2009. Asubuhi mvua nyembamba iliyochanganyika na theluji, upepo mkali. Saa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama desturi ya huku kila Machi.

Baba Neema,

Sijui uko wapi, ndiyo maana barua hii nampa kila mtu. Nitaibandika kanisani, na wenye jarida la jumuiya yetu wamekubali kuichapisha. Wapo wanaosema umeonekana Brampton, umepanga chumba cha chini kwenye nyumba ya watu. Wengine wanasema umepanda basi kwenda Alberta. Simu yako haiiti tena. Anayemfahamu mwanamume mrefu, mpole, anayekunja mikono ya shati hata kwenye baridi, tafadhali amsomee.

Unakumbuka siku ile ya Januari uliporudi mapema kutoka kwenye bohari kule Downsview, ukakaa kwenye ngazi bila kuvua buti? Theluji ikayeyuka, maji yakatiririka hadi jikoni. Nikakutania, "Baba Neema, unanichimbia bwawa humu ndani?" Hukucheka. Ukasema, "Wameniona, mke wangu." Boksi lilikuwa limekupasukia mikononi, ukalitupa chini, na msimamizi akaja mbele ya wenzako wote akakuuliza, "Are you mad?"

Sote wawili tulimaliza kidato cha nne. Neno hilo tulilijua. Kitabu chetu cha shule kilikuwa na mfano mmoja tu wa 'mad': mbwa mwenye kichaa. Kwa hiyo sikubishana na maana. Nilisema tu kwamba yule mzungu hana adabu.

"Hana kosa," ulisema. "Amesema alichokiona."

Nilijua unamfikiria nani. Unisamehe nikiliandika hapa. Uliwahi kunisimulia mara moja, kabla hatujaoana: mama yako akikatiza soko la Kilosa na ndoo tupu kichwani, akigombana na watu wasiokuwepo, watoto wakimfuata kwa kelele, nawe na sare yako ya shule ukipita njia ya nyuma. Na tangu uanze zamu za usiku, mchana ulikuwa hulali. Nilikusikia ukizungumza peke yako bafuni. Uliamini kwamba la mama yako na wewe limekufikia. Uliniapisha watoto wasijue, na mwezi haujaisha ukaondoka nikiwa kazini, ukaacha funguo juu ya jokofu.

Sasa nisikilize. Alhamisi nilikuwa kwenye darasa la Kiingereza pale Agincourt, lile ulilokuwa ukinitania kwamba nitahitimu nikiongea Kichina, kwa jinsi Wachina walivyo wengi. Mwalimu aligawa karatasi aliyowatengenezea wao. Juu neno moja la Kiingereza, chini maelezo ya Kichina yamejaa tele. Neno lenyewe lilikuwa 'mad'. Nusura nitoke nje.

Bi Lan, ninayekaa naye dawati moja, akainua mkono. Alisema mwanawe alimwambia kwenye simu asiwe 'mad', naye akalia siku nzima, maana kamusi yake ilimpa neno moja tu, feng, yaani wazimu. "Nimemsomesha mpaka chuo kikuu," alisema, "halafu ananiita mwehu!"

Darasa zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Mwalimu akaeleza taratibu. Ile maana ya wazimu ipo, lakini zaidi ni ya Waingereza na vitabu vyao. Hapa Kanada, mtu akikuuliza kama uko 'mad', mara nyingi anakuuliza kama umekasirika. Na ukiwa 'mad about' mtu, basi unampenda kupita kiasi. Bi Lan akaniambia kwamba kwao hasira ni shengqi, kama kutoa pumzi, akavimbisha mashavu anionyeshe.

Wao wanacheka, mimi naikunja ile karatasi naitia mfukoni.

Baba Neema, alikuuliza kama umekasirika! Boksi limepasuka, mtu amelitupa, bosi anauliza kama amekasirika. Basi. Ungejibu, "Ndiyo, kidogo," ukaendelea na kazi, ukarudi nyumbani ukala.

Jana nilimwuliza Neema maana ya neno hilo, bila kumwambia sababu. Akanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye televisheni, kwamba ni hasira, kila mtu anajua. Halafu akageuka kunitazama. "Is Baba mad at us?"

Sikujua nimjibu kwa maana ipi.

Maana siwezi kukudanganya mbele ya watu. Karatasi ya mwalimu haikueleza kwa nini ulikuwa hulali, wala ulikuwa unazungumza na nani bafuni. Labda ni uchovu tu. Labda ni ugonjwa wa mama. Mimi sijui, na kutojua huku kunanimaliza. Ninachojua ni kwamba hapa kuna madaktari, na mimi nipo, na hakuna atakayekufuata kwa kelele njiani. Kama ulikasirika, rudi. Kama ni ile maana nyingine, rudi vilevile. Uje ukae kwenye ngazi na buti zako, maji yafike yatakapofika.

Funguo zako sijaziondoa juu ya jokofu. Wewe gonga tu.

Mkeo,
Mama Neema

Saa ya ukutani jikoni bado sijaisogeza. Inaonyesha saa nne usiku, kwa hiyo ni saa tano. Ndiyo naenda kulala.