Mwenye Hasira Hashiki Mkasi

Bwenini, 3 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekupa nafuu na cherehani haijaanza tena kula uzi. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haitulii.

Mabomba ya bweni letu yamekauka tangu muhula uanze. Wengine hulalamika kwamba maji yamewafika shingoni. Sisi tunaomba yafike hata kisiginoni. Kila alfajiri tunapanga foleni kwenye bomba moja nyuma ya jiko, na kila alfajiri mlezi wa bweni anatutupia neno lilelile: "Subirini." Tusubiri nini? Kiu haina likizo! Jumatatu zamu yangu ilifika, bomba likakohoa, likanyamaza. Mlezi akacheka: "Leo halitoi maji hata kwa hotuba, Kiberiti." Baba, niliipiga ndoo teke. Ikaruka, ikavunja mlango wa kioo wa ofisi. Karani aliyekuwa nyuma yake alikatwa mkono kidogo.

Sasa kamati ya nidhamu imeniita tarehe 28. Nikiisoma mbele yao radhi waliyoniandikia, ninabaki chuoni; nikikataa, ninasimamishwa masomo. Radhi yenyewe inasema nilizusha vurugu "bila sababu yoyote". Bila sababu! Niombe radhi kwa kuwa na kiu? Aliyeacha bomba likauke ameketi kitini. Aliyekauka koo ndiye mshitakiwa. Sitaisoma.

Na tafadhali, usiniandikie kwamba hasira hasara. Hiyo nimeshaisikia.

Mwanao,
Kiberiti


Nyumbani, 10 Machi

Kiberiti wangu,

Marahaba, mwanangu. Huku hatujambo. Mgongo unalalamika, lakini bado haujaunda chama. Umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Jina hilo nilikupa kwa mzaha. Sikujua lingekutangulia hadi chuoni. Barua yako nimemsomea shangazi kwa sauti, akapiga makofi. Halafu akauliza: "Na huyo karani, mkono wake vipi?" Nikatafuta. Bomba umelipa ukurasa mzima. Mkono wa mtu umeupa mstari mmoja, tena wenye "kidogo" ndani yake.

Unaijua sheria ya kibanda chetu: mwenye hasira hashiki mkasi. Mkasi unatundikwa msumarini, na mwenye hasira anapelekwa kwenye pasi, anyooshe vitambaa mpaka apoe. Nani alinyoosha vingi kukushinda wewe? Uzi ukikosewa unafumuliwa. Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa. Isome hiyo radhi, mwanangu. Maneno yao ni upepo. Masomo ni yako.

Baba yako


Bwenini, 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Ulinifundisha kunyoosha, hukunifundisha kukata. Mwenye kibanda akikufungia mlango kwa ajili ya kodi, unanyoosha. Mteja akikutukana mbele yetu, unanyoosha. Umeme ukikatika unawasha pasi ya mkaa, unanyoosha. Umeinyoosha hasira yako miaka yote hiyo, na kilichopinda ni mgongo wako. Mgongo huo sitaki kuurithi.

Mwanao


Nyumbani, 24 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. U mzima? Nimechelewa kujibu, na sababu utaiona.

Barua yako ilinikuta na kitambaa cha bwana harusi mezani, yule mtoto wa muuza nyama. Umeme ulikuwa umekatika tena, na bwana harusi mwenyewe amesimama mlangoni: "Bado tu, fundi? Mzembe wewe!" Nikausoma mstari wa mgongo. Nikautoa mkasi msumarini. Kwa umri wangu huu! Nilikata mkato mmoja safi, ulionyooka, usawa wa magoti. Suruali ya bwana harusi sasa ni kaptula ya mwalimu wa mazoezi.

Shangazi yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa najipangia maneno: umeme, matusi, barua ya binti. Yote kweli tupu. Lakini njiani kwenda kwa muuza nyama niliyaona yanasukumana, kila moja linataka kuitangulia suruali. Nilipofika nikaanza na suruali: "Nimeiharibu." Akanishushua, kisu chake mkononi. Alipomaliza nikasema la pili, ambalo kabla ya barua yako nisingelisema: kijana wake asiniite tena mzembe ndani ya kibanda changu. Akanitazama. Kisha akasema ataleta kitambaa kingine.

Sikuambii tena uisome ile radhi. Na kuhusu mgongo, umesema nusu ya kweli. Nusu nyingine ni cherehani, ukome.

Baba yako


Bwenini, 30 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine, badala ya ile niliyoitoa shingo upande. Nilikuumiza. Nisamehe.

Kabla ya kikao nilikwenda kwa karani. Bandeji inaanzia kiganjani inafika kwenye kiwiko, na anachapa kwa mkono mmoja. Akanipima kwa macho: "Ndiye wewe? Kwa zile kelele nilidhani u mrefu zaidi." Nilikuwa na hotuba nzima kifuani. Nikaanza na mkono: "Nilikukata. Nisamehe." Akajibu: "Bomba lile ndilo langu pia, mdogo wangu. Mimi huja kabla yenu." Baba, muhula mzima sikuwahi kumwona.

Mbele ya kamati niliiweka karatasi yao kando. Nikasema: nimevunja kioo na nimemjeruhi mtu, na kwa hayo mawili naomba radhi isiyo na "lakini". Kwa kudai maji siombi. Mwenyekiti akasema, "Hilo la mwisho lifute, binti, tumalize." Mlezi wa bweni akacheka kicheko kilekile. Mguu wangu ukaanza kutikisika chini ya meza. Nikaukanyaga kwa mwenzake. "Silifuti," nikasema, kwa sauti ya chini ambayo hata mimi sikuizoea.

Wamenisimamisha hadi mwaka ujao wa masomo. Nilipotoka niliufunga mlango polepole. Nao ni wa kioo.

Mabomba bado makavu. Wenzangu wameandika madai, na wa kwanza kutia sahihi ni karani, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama zimelewa. Mimi bado nina hasira, Baba. Haijapoa, wala sijui kama nataka ipoe. Sijui pia utanipokea vipi. Nitafika wiki ijayo, nikae kwenye pasi.

Mwanao,
Kiberiti


Nyumbani, 3 Aprili

Kiberiti wangu,

Marahaba, zote mbili. Sisi wazima, isipokuwa shangazi yako, ambaye habari zako zimempandisha moto. Tangu jana ananyoosha mashuka ya mtaa mzima.

Kwa hiyo pasi ina mwenyewe. Hasira njoo nayo. Mkasi nimeushusha msumarini, nimeuweka upande wako wa meza. Kitambaa kipya cha bwana harusi kimeletwa. Nimekichora kwa chaki, na sijakikata.

Baba yako