Vifungo vya Uzi Mwekundu

8 Februari

Mwanangu mpishi,

Hujambo? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Mgongo wa mama yako umetulia, na mimi bado naliona tundu la sindano nikiisogeza dirishani. Kwa roho ndiyo sijui nikuambie nini, na ndiyo maana nimeacha cherehani nikashika kalamu. Simu nimejaribu, lakini ulisema huko baharini haishiki, na hata ikishika wewe unalo neno moja tu, "salama," kisha inakatika.

Kile kipindi cha wavuvi, kile ulichonidokeza kwamba watu wa kamera wamepanda meli yenu, kimeanza kuonyeshwa huku kila Alhamisi jioni. Kinyozi ndiye aliyekigundua. Alikuja mbio, "Fundi, binti yako yumo ndani ya televisheni!" na mteja wake nyuma, nusu kichwa kimenyolewa. Tangu hapo dukani kwangu siku ya Alhamisi hapana pa kukanyaga. Nguo zikiwa tayari Jumatano watu hawazichukui, wanangoja kesho yake wapate sababu ya kuketi.

Mama yako anasema hatazami, hawezi kukuona juu ya maji yale. Lakini kipindi kikianza anasimama mlangoni na ufagio mpaka kiishe. Sidhani kama kuna kizingiti kilichofagiliwa kuliko hiki chetu.

Sasa Alhamisi iliyopita ulikuwa jikoni, sufuria imefungwa kwa mnyororo, meli ikalala upande, sufuria ikachomoka, ukapiga ukelele, picha ikasimama. Wakaandika "Itaendelea." Itaendelea! Mtoto wa mtu kamwagikiwa maji ya moto, wao wanaleta tangazo la sabuni. Sina hali. Jana nimekata suruali ya mwalimu nikakuta miguu yote miwili ni ya kushoto. U mzima? Umeungua wapi? Niandikie hata mstari mmoja.

Ni mimi baba yako.

21 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, mwambie aupumzishe ufagio. Mimi mzima kabisa. Mwalimu naye mpe pole, ila nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani kaja kuchungulia.

Baba, sikiliza. Yale unayoyaona yalishapita zamani. Wanapiga picha msimu mzima, wanakwenda nazo kwao, wanakata, wanaunga, wanatia muziki, ndipo wanawaonyesha. Siku ulipoona sufuria inaruka, mimi nilikuwa nchi kavu nafua soksi. Mchuzi ulinigusa kidogo mkononi, nikapaka dawa, pakapona. Ule ukelele niliopiga ni kwa sababu ya mchuzi huo uliomwagika, maana watu kumi na wawili walikuwa wanausubiri.

Na nikupe habari njema. Nahodha nimeshamuaga. Nimepata kazi kwenye kantini ya kiwanda cha kufungasha samaki hapa bandarini. Sakafu haitikisiki, sufuria hazina minyororo. Kwa hiyo chochote mtakachokiona kwenye kipindi, jueni ni cha kale. Tazameni tu kwa raha.

Wako mtiifu,
Binti yako.

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na salamu nyingi. Hatujambo, na safari hii nasema hatujambo na roho nayo imo.

Barua yako niliisoma dukani kwa sauti, Mama akanipokonya akaisoma tena chumbani peke yake. Sasa Alhamisi naketi kama mwenye meli. Wimbi likija watu wanashika vichwa, mimi napuliza chai yangu. Kinyozi ameniambia nimekuwa na maringo.

Ila nikuambie ukweli, hofu haikuisha, imehama tu. Sasa namhofia yule mrefu mnayemwita Twiga. Sina undugu naye, lakini nikimwona anainama ukingoni kuvuta wavu, miguu yangu ndiyo inayokaza. Anakula wa mwisho kila siku, na sahani akiirudisha lazima akutanie, "Mpishi, leo umetuua." Mtu wa namna hiyo namwelewa. Na suruali zake, jamani! Zinaishia katikati ya goti na kifundo, aibu kwa mafundi wote duniani. Nimempima kwa macho. Kwenye kifurushi hiki imo suruali yake ya kitambaa kizito, mpelekee meli ikitia nanga.

Chako ni kizibao. Kiwanda cha samaki hakikosi baridi ya majokofu. Ndani nimetia pazia la zamani la sebuleni, lile la maua ya njano. Mama alilikata mwenyewe. Vifungo usivitazame sana. Uzi mweusi mnene ulikuwa umeniishia, nikatumia mwekundu wa kudarizi, ambao si imara na unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Nilitaka kufumua, Mama akasema kiende hivyo hivyo, mtoto asije akakaa na baridi kwa ajili ya maringo ya fundi.

Baba yako.

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hamjambo? Mimi sijambo. Kifurushi kimefika. Kizibao nimekivaa hapo hapo posta. Kina joto, na kinanukia nyumbani. Kantini wananiuliza vile vifungo ni mtindo gani, nawajibu ndio wa mwaka huu.

Kazi hapa ni ya kutulia. Napika, nagawa, naosha. Ukutani kuna televisheni, na wafanyakazi wakija kula wanatazama kipindi chetu cha marudio. Ajabu sana kujiona, Baba. Jana wametuonyesha sisi sote mezani, Twiga anapiga hadithi, nahodha anacheka mpaka machozi. Nilisahau mwiko mkononi, ubwabwa ukashika chini.

Meli inatia nanga wiki ijayo. Suruali nitampelekea mwenyewe.

Binti yako.

13 Septemba

Mwanangu,

Sijui nianze na hujambo au nianze na nini. Nilikuandikia mwezi wa sita, nikakuandikia mwezi wa nane, kimya. Nikajipoza kwamba kantini ina kazi nyingi, posta nayo ina yake. Simu yako inasema haipatikani. Mama yako ameacha kuuliza kama kuna barua. Anatazama mikono yangu tu nikirudi, kisha anaendelea na shughuli zake.

Msimu mpya wa kipindi umeanza. Nilikaa nitazame ni nani aliyepewa jiko lako, nimcheke. Mlango wa jiko ukafunguliwa, akatoka mpishi na birika, kizibao kiko wazi. Kabla sijaona uso, nimesikia ufagio unaanguka nyuma yangu. Mama akasema, "Pazia langu lile."

Kamera ikasogea. Vifungo vyeupe, kila kimoja na msalaba mwekundu katikati. Mkono wangu mwenyewe naujua.

Uliniambia nikikuona humo nijue ni mambo ya kale. Kizibao hicho nilikishona mwezi wa tatu, mwanangu. Hakikuwepo msimu uliopita. Barua yako ya mwisho ni ya Aprili, na baada ya hapo ulirudi majini bila kusema, na baada ya hapo sina neno lako hata moja.

Na Alhamisi hii, bahari imechafuka, nyavu ziko juu, Twiga akateleza, akavuka ukingo. Ukatoka jikoni mbio. Kwa nini wewe? Wanaume wote wale, kwa nini mpishi? Uliinama kumshika, maji yakafunika kamera, yakapungua. Pale ukingoni palikuwa patupu. Majini kilielea kizibao changu, kimefunguka, maua ya njano yanatazama juu. Wakaandika "Itaendelea."

Mama yako anasema kungekuwa na jambo tungepigiwa simu. Nami nasema ndiyo, tungepigiwa. Tunaambiana hivyo kila tukipishana humu ndani.

Barua hii naituma kwa posta ya haraka. Jibu.

Baba.

20 Septemba

Mwanangu,

Jana ilikuwa Alhamisi. Sikutazama.

Watu walikuja na viti vyao kama kawaida, nikawaambia duka limefungwa. Walikwenda kwa kinyozi. Nilimwambia kila mmoja, atakachokiona akimeze, asije kuniambia, wala asimwambie mke wangu. Wakadhani natania.

Nisikilize nikueleze kwa nini. Habari yako nikiipata kutoka kwa watu wale wanaotia muziki, itakuwa ni yao. Watakuwa wameikata na kuiunga. Kama u hai nataka uniambie wewe. Na kama hukuandika, basi sijaambiwa, na mtu ambaye sijaambiwa habari zake bado ni mzima. Mama amesema huo ni wazimu, kisha akanisaidia kutundika shuka dirishani ili tusiwaone wakitoka.

Lakini niliwaona kupitia upenyo. Kinyozi alikuwa anatabasamu huku anakuja upande wetu, mkono juu, na mkewe nyuma yake analia, amejifunika uso kwa kanga. Mmoja anacheka na mwingine analia! Nimezigeuzageuza sura zile kama vipande vya kitambaa mpaka kichwa kinauma, na bado hazitoi nguo. Alipobisha hodi nikapiga kelele aende zake. Amebisha tena leo asubuhi. Sikufungua.

Cherehani haiendi. Nakanyaga pedali mara moja, naacha.

Andika.

Baba.

1 Oktoba

Baba yangu, Mama yangu,

Shikamooni. Niko hai. Naanza na hilo, mengine msome polepole. Barua zenu zote nne nimezipata leo kwa pamoja, kantini walizipeleka ofisini kwa wakala wa meli, nami nilikuwa sijakanyaga huko tangu Aprili.

Mimi niko hai, Twiga hayupo.

Ni mimi ninayetaka kukuambia, Baba, kama ulivyosema, bila muziki. Nilimshika kwa mikono miwili. Akanishika kizibao hapa kifuani, mikono yote miwili, na uzito wake wote ukawa kwenye vifungo vyako. Nilikuwa naondoka naye. Tumbo langu lilikuwa limeshavuka chuma cha ukingoni. Kisha uzi mwekundu ukakatika, kifungo cha kwanza, na vingine vikafuata. Kizibao kikanichomoka mabegani, kikaenda naye. Mtu wa mashine akanivuta kwa miguu. Tulimtafuta mpaka nahodha akakaa chini sitahani.

Ndivyo ilivyokuwa. Nadhani kinyozi alikuja kuwaambia niko hai, na mkewe alikuwa anamlilia Twiga.

Utauliza kwa nini nilirudi. Ni ile televisheni ya kantini. Nilikuwa najitazama kila siku nikicheka na watu wangu, nikaanza kujionea wivu mwenyewe. Hawaonyeshi kuchoka, Baba, wala ile hofu ambayo haina picha. Wanaonyesha meza na vicheko. Nilipopeleka suruali ile, nahodha hakuwa na mpishi, na mimi tayari nilikuwa nimeshapanda kwa moyo. Niliona aibu kukuandikia. Na baada ya Twiga nikakosa hata maneno ya kuanzia. Kila nilipoandika "Baba, sijambo," nikaona naandika uongo.

Suruali ilimkaa sawasawa, Baba. Hakuivaa kazini. Alisema hiyo ni ya kushukia nchi kavu.

Meli inatoka tena mwisho wa mwezi. Nahodha amenisihi. Anasema tukiachana sasa, kila mtu atabaki na siku ile peke yake. Sijamjibu. Begi nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga.

Binti yenu.

12 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara nyingi.

Mama yako alilia, akacheka, akapika chungu kizima cha chakula tukashindwa kukila, akampelekea kinyozi. Nilimwomba kinyozi radhi. Ameniambia siku nyingine niwe nafungua mlango.

Mimi ni fundi tangu kabla hujazaliwa, na sijawahi kufurahi uzi wangu ukikatika. Mara hii nafurahi, mwanangu. Kisha namwona yule kijana ameshika kifungo changu, na furaha ile naionea aibu. Ningetia uzi mweusi ningekukosa wewe. Nilitia mwekundu, na baba mmoja mahali fulani amekosa wake. Umwandikie. Umwambie kuna fundi aliyempenda mwanawe kwa kumtazama tu.

Nimekushonea kizibao kingine, na bitana yake ni pazia lile lile, upande wa pili. Kimekamilika chote isipokuwa vifungo. Naketi na sindano mkononi nashindwa. Sijui niombe vishike au niombe vikatike. Nikikuwazia juu ya meli ile, hakuna uzi dukani kwangu unaofaa.

Sikukatazi. U mtu mzima, na wenzako wanakuhitaji, naelewa. Lakini umeniuliza bila kuuliza, nami nakujibu waziwazi: sitaki. Rudi nyumbani. Naogopa.

Baba yako.

2 Novemba

Baba,

Shikamoo, na Mama pia. Mimi sijambo, safari hii ni kweli.

Meli imeondoka asubuhi ya leo. Nilikwenda gatini kuwaaga. Nahodha hakunilaumu, alinishika kichwa kama unavyonishika wewe. Baba yake Twiga nimempelekea suruali, na barua yako nimemsomea. Alikunja suruali ile vizuri, akauliza, "Fundi huyu alimpimia wapi mwanangu?"

Tiketi ninayo, nasafiri keshokutwa. Vifungo tia vyovyote, hata vya uzi mwekundu. Kizibao nitakivaa nikichota maji hapo nyumbani.

Kitu kimoja tu niwaonye mapema. Meli ilipong'oa nanga, yule wa kamera alinigeukia. Miezi ijayo, Alhamisi moja, mtaniona nimesimama gatini peke yangu nalia, na muziki wao chini. Msishtuke. Mwambie Mama aweke ufagio aje aketi. Mtakapokuwa mnatazama, nitakuwa hapo hapo katikati yenu.

Binti yenu.